WASICHANA WANAPOANGUKA MASOMONI: ULIZO LA WAZEE NA ULIZO LETU

Utangulizi

Jambo tunaloandika hapa tulilishuhudia sisi wenyewe tulipokuwa walimu wapya katika shule moja ya sekondari, juu ya milima ya Masisi. Tangu siku ile halijatuacha. Tunaliweka katika kijitabu hiki cha mila zetu kwa sababu tunaamini kwamba wazee walijua kitu fulani ambacho sisi wasomi tumekisahau.

Ilikuwa juma la mitihani ya nusu mwaka. Saa nne asubuhi msichana mmoja wa kilasi cha nne alitupa kalamu, akapiga kelele, akaanguka chini akitetemeka mikono na miguu. Tulimbeba mpaka ofisini. Dakika kumi hazijaisha, wa pili akaanguka. Kisha wa tatu, naye alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Ilipofika saa sita walikuwa 11, wote wasichana. Wavulana walijaa madirishani, wengine wanacheka, wengine wanaogopa.

Prefe alituma mtu mmoja kwa pasta na mwingine kwenye kituo cha afya. Pasta ndiye aliyefika wa kwanza. Wakati wa kungoja, sisi walimu tuliwazunguka wale watoto tukawauliza lile ulizo ambalo kila mtu kwetu analijua: "Nani alikulisha?" Maana yake: ni nani alikupa chakula chenye ulozi ndani? Wa kwanza hakujibu. Wa pili hakujibu. Wa tatu, kisha kuulizwa mara tano au sita, akasema: "Ni ile mandazi ya asubuhi."

Basi. Ile mandazi ilikuwa na mwenyewe. Ni mama mmoja mjane, aliyekimbia vita kutoka upande wa Walikale, ambaye aliuza mandazi na karanga karibu na mlango wa masomo. Wasichana wote 11 walikuwa wamekula mandazi yake, ni kweli. Lakini wavulana pia walikuwa wamekula, na sisi walimu pia. Siku ile hakuna aliyefikiri hivyo.

Wavulana walitoka mbio na fimbo. Kama si chifu wa kijiji kumfungia yule mama ndani ya nyumba yake na kusimama mlangoni yeye mwenyewe, angalikufa. Kisha siku tatu wasichana wote walikuwa wazima. Muuguzi aliwapima, hakuona ugonjwa wa kuangusha watu 11 asubuhi moja. Juma lililofuata yule mama alifunga mzigo wake akaenda, hatukujua wapi. Na sisi tulirudi kusahihisha mitihani.

Jambo la namna hii wazungu wanaliita histeria ya kundi. Sisi hapa tutasema mshtuko wa pamoja. Tunataka kuuliza mambo mawili: juu ya nini mara nyingi wanaoanguka ni wasichana? Na juu ya nini anayelipa mara nyingi ni mwanamke mwingine?

1. Kashasha, mwaka wa 1962

Kwanza tujue kwamba jambo hili si la Masisi peke yake, wala si la watu wasiosoma. Habari iliyo maarufu kuliko zote katika dunia nzima ilitokea kwa jirani, ng'ambo ya Rwanda, katika pande za Bukoba, ambako leo ni mkoa wa Kagera nchini Tanzania.

Tarehe 30 mwezi wa kwanza 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, iliyosimamiwa na wamisionari, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Kicheko kiligeuka kilio, kilio kikarudi kicheko. Mwingine kilimshika saa chache, mwingine siku nyingi, mpaka 16. Kufika tarehe 18 mwezi wa tatu, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameguswa, na shule ikafungwa. Ilifunguliwa tena mwezi wa tano, wengine 57 wakashikwa, ikafungwa mara ya pili.

Wasichana waliporudishwa nyumbani, jambo lilitembea nao. Katika kijiji cha Nshamba, ambako baadhi yao walikuwa na wazazi, watu 217 walishikwa mwezi wa nne na wa tano. Hapo haikuwa wasichana tu, walikuwemo vijana wa kiume na wa kike. Mwezi wa sita ilifika shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba, ambako 48 kati ya 154 walishikwa. Hata shule mbili za wavulana zilifungwa. Wahaya waliupa ugonjwa huo jina, wakauita ugonjwa wa kucheka.

Waganga wawili, Rankin na Philip, walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakatafuta sumu na virusi. Hawakuona kitu. Mwaka wa 1963 waliandika kwamba ni mshtuko wa pamoja. Waliandika pia jambo ambalo sisi walimu hatupashwi kulisahau: katika shule ya Kashasha, hakuna hata mwalimu mmoja aliyeshikwa. Hakuna pia mtu aliyekufa.

Mwaka huohuo wa 1963 mambo ya jamaa hiyo yalionekana Uganda, katika pande za Kigezi, jirani na Rutshuru yetu, na kule Mbale. Huko watu walikuwa wanakimbia ovyo. Na juzi tu, mwezi wa kumi 2023, katika shule ya wasichana ya Eregi, jimbo la Kakamega nchini Kenya, wanafunzi wengi walishindwa kutembea, miguu imekufa ganzi, wakapelekwa hospitali kwa makundi. Mkubwa wa elimu wa eneo hilo alitamka neno lilelile, histeria.

Tuseme wazi, maana kuna wenzetu walimu wanaosema "wanajifanya". Hawajifanyi. Mwili unatetemeka kweli, mguu unakataa kweli. Mtu aliyejaa hofu ya muda mrefu ni kama nyumba iliyojaa moshi: akimwona mwenzake ameanguka, mwili wake unafuata njia ileile. Hofu inapita kwa macho na masikio, haihitaji mdudu wala mandazi.

2. Neno lenye kosa ndani yake

Neno histeria lenyewe lilitoka kwa Wagiriki wa zamani, kwa neno lao la tumbo la uzazi. Waganga wao walidhani kwamba tumbo la mwanamke likikosa kazi yake linamsumbua mwili mzima. Kwa hiyo hukumu ilikatwa tangu mwanzo: ni ugonjwa wa wanawake, na unatoka katika maumbile yao.

Katika karne ya 19, daktari Charcot wa hospitali ya Salpêtrière huko Paris alikuwa akiwaonyesha wagonjwa wake wanawake mbele ya watu waliojaa ukumbini, wakianguka na kujikunja. Lakini Charcot huyohuyo aliandika pia juu ya wanaume wenye ugonjwa uleule, wafanyakazi wenye misuli. Wachache walimsikiliza. Kisha ilikuja Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu ya askari, wanaume wenye ndevu, walirudi kutoka mahandakini wakitetemeka, vipofu bila jeraha, bubu bila ugonjwa wa koo. Wakubwa wa jeshi wangewaambia nini? Kwamba wana tumbo la uzazi? Mwaka wa 1915 Waingereza walianza kutumia jina jipya, lenye kutaja mshindo wa mabomu. Mwanamke akitetemeka, kosa ni lake. Mwanaume akitetemeka, kosa ni la bomu. Mwaka wa 1980 waganga wa akili wa Marekani waliondoa neno histeria katika orodha yao ya magonjwa.

3. Wanaume nao

Msomaji atasema: lakini kwetu ni wasichana wanaoanguka, tumeona kwa macho. Ni kweli. Hebu tuangalie na upande wa pili.

Mwezi wa nne 2008, mji wa Kinshasa ulishikwa na hofu kubwa. Wanaume walikuwa wanapiga kelele barabarani na ndani ya taksi kwamba mtu fulani amewagusa na kiungo chao cha uume kimepotea au kimenywea. Polisi ilikamata watu 13 walioshitakiwa ulozi, pamoja na 14 waliosema wameibiwa, ili watu wasiuane barabarani. Mkubwa wa polisi alieleza kwamba walalamikaji walikuwa wazima, hakuna kilichopungua. Huo ulikuwa mshtuko wa pamoja wa wanaume watupu, wala hakuna aliyesema kwamba maumbile ya wanaume ni dhaifu.

Zanzibar, mwaka wa 1995, katika miezi iliyotangulia uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi, hofu ya Popobawa ilianza Pemba ikavuka mpaka Unguja. Watu walisema kuna pepo anayewalalia usiku, wanaume kwa wanawake. Familia nzima zililala nje karibu na moto. Walioshika fimbo na mapanga usiku walikuwa wanaume, na mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa kwa kudhaniwa kuwa ndiye.

Na hapa kwetu? Mwaka wa 1944, katika misitu ya kati ya Masisi na Lubutu, Wakumu na jirani zao walimfuata Bushiri, mtu wa Kitawala, aliyejiita Mukombozi. Ilikuwa wakati wa vita, Wabelgiji walikuwa wanalazimisha watu kazi mpaka siku 120 kwa mwaka, pamoja na kutafuta mpira wa porini. Watu waliamini kwamba wazungu wanaondoka na ufalme mpya unaingia. Jeshi la Force Publique lilizima jambo hilo kwa damu nyingi. Sisi hatusemi kwamba ile ilikuwa histeria. Kusema hivyo ni kuwatukana waliokufa, maana walikuwa na sababu. Tunachosema ni hiki: wanaume wanapotikiswa pamoja, historia inaita uasi, imani au vita, na inatafuta sababu zake: kazi ya lazima, kodi, mpira. Wasichana wanapotikiswa pamoja, tunaita ugonjwa au mapepo, na hatutafuti sababu. Tunatafuta mlozi.

4. Wazee waliuliza nini

Tufike sasa kwenye mila. Wazee wetu walijua vizuri sana mtu anayetetemeka na kuanguka. Hawakumwita mgonjwa wa kichwa mara moja. Walisema kuna mwingine anayetaka kusema ndani yake.

Kwa Wanyanga wa Walikale, kama walivyoeleza Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, ambao mwaka wa 1969 walichapisha hadithi ndefu ya Mwindo, mizimu ina majina na tabia: Kahombo wa bahati njema, Muhima, Nyamurairi mwenye moto, Nkuba wa radi. Msichana au mwanamke aliweza kuwekwa kuwa mke wa mzimu. Alibaki upande wa baba yake, na watoto aliowazaa walikuwa wa ukoo wake. Watu walimheshimu.

Katika pande za watu wa Rwanda na majirani zao kulikuwa na kubandwa, ibada ya Lyangombe. Aliyeingizwa humo alisema kwa sauti ya mzimu. Mwanamke aliweza kubeba mzimu wa kiume, akakaa kama mwanaume, akaongea kama mwanaume, akawaambia wakubwa maneno ambayo siku nyingine angepigwa kwa kuyasema. Na katika mipaka ya Ndorwa na Kigezi kulikuwa na Nyabingi, mzimu wa kike. Mwanamke Muhumusa, aliyesema kwa jina la Nyabingi, alitikisa Wajerumani na Waingereza mpaka akakamatwa mwaka wa 1911, na akawekwa Kampala hadi kifo chake mwaka wa 1945. Mwanamke mmoja anayetetemeka alihitaji serikali mbili za kizungu kumnyamazisha!

Pwani nako, Mombasa mpaka Zanzibar, muganga wa pepo anapigiwa ngoma, kisha anaongea na pepo aliyepanda kichwani mwa mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mwanamke: "Wewe ni nani? Unataka nini?" Pepo anajibu: nataka kitambaa, nataka marashi, nataka pete. Mume anasikia na anatoa. Mwaka wa 1971 mtaalamu mmoja Mwingereza, I. M. Lewis, aliandika kwamba kwa njia hiyo wanawake waliobanwa walikuwa wanadai haki zao bila kuonekana wanadai. Wengine walimpinga wakisema ameipunguza dini ya watu kuwa ujanja. Sisi tunaona kwamba wote wawili wana sehemu ya kweli. Mama aliyepandwa na pepo hakuwa mjanja. Lakini mwishowe kuna mtu alimuuliza anataka nini.

Tusidanganyane. Zamani pia walozi walitafutwa, na watu walinyweshwa sumu ili ijulikane nani ana kosa. Mke wa mzimu pia hakujichagulia, wakubwa walimwamulia. Hatuandiki haya ili turudi nyuma. Tunaandika kwa sababu pamoja na ubaya huo, wazee walikuwa na ulizo lingine mkononi, "Unataka nini?", na ulizo hilo lilielekezwa kwa yule anayetetemeka mwenyewe. Lilimpa nafasi ya kujibu. Ulizo letu, "Nani alikulisha?", linamruka yeye, linakwenda kutafuta mtu mwingine nje. Na kwa sababu chakula kwetu kinapikwa na wanawake, kinauzwa na wanawake, jibu lake karibu siku zote ni jina la mwanamke. Akiwa mzee, mjane au mkimbizi asiye na ndugu wa kumsimamia, ndiyo vibaya zaidi.

5. Tusilouliza

Sasa turudi kwenye ile shule yetu, maana habari hatukuimaliza.

Miezi miwili nyuma ya jambo lile, mwalimu mwenzetu mwanamke, aliyekuwa peke yake kati yetu wanaume tisa, alikaa na yule msichana aliyeanguka wa kwanza. Hakumuuliza juu ya mandazi. Alimuuliza: "Mwanangu, ulikuwa na nini ile siku?" Msichana alilia muda mrefu. Kisha akasema kwamba mwalimu mmoja alikuwa amemwambia mbele ya mitihani: ukikataa kuja kwangu, utaona alama zako. Ile asubuhi ilikuwa mtihani wa mwalimu huyo. Wenzake wawili waliomfuata kuanguka walijua siri hiyo. Mmoja wao alikuwa ameambiwa vilevile.

Na huyo mwalimu alikuwa wapi wakati wasichana wamelala chini ofisini? Alikuwa pamoja nasi. Alikuwa ameinama kama sisi, anauliza kama sisi: "Nani alikulisha?" Kisha habari kujulikana, alihamia shule nyingine. Hakuna kesi iliyofunguliwa.

Tunajua sasa kwa nini wasichana wengi wanaanguka kuliko wavulana. Mvulana akikasirika anatoka nje, anapiga mpira, anagombana, anaingia porini kushika bunduki, Mungu apishe mbali. Hofu yake ina njia nyingi, hata kama nyingine ni mbaya. Msichana anaamka mbele ya jua, anachota maji, anapika, anachelewa masomoni, anaadhibiwa. Karo ikikosekana, yeye ndiye wa kwanza kubaki nyumbani. Akifika miaka 16 anasikia wajomba na baba wanazungumza mahari yake. Kulalamika mbele ya wakubwa ni kukosa adabu. Njia zote zimefungwa, inabaki mwili.

Na katika tarafa zetu mbili kuna mzigo mwingine. Tangu mwezi wa tatu 1993, vita ilipoanza kwenye soko ya Ntoto huko Walikale, hakuna mtoto aliyekua bila kukimbia. Kati ya tarehe 30 mwezi wa saba na tarehe 2 mwezi wa nane 2010, katika vijiji 13 vya barabara ya Kibua-Mpofi, Luvungi ikiwemo, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa na watu wenye silaha: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23 na wavulana 9. Mwaka wa 2025 vita ilifika tena Masisi-centre mwezi wa kwanza na Walikale-centre mwezi wa tatu. Watoto hao ndio wanaokaa mbele yetu kilasini. Mwalimu anayeuliza habari ya mandazi hajui anafundisha nani.

Lile ulizo baya limeua. Katika Kivu ya Kusini, mwezi wa tisa 2021, viongozi walitangaza kwamba wanawake 8 walioshitakiwa ulozi wameuawa, wengine kwa kuchomwa moto. Katika vijiji hivyo wengine waliotaja majina ya walozi walikuwa wanawake wanaojiita manabii. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba tunasema wanaume wote ni wabaya na wanawake wote ni wema. Mwanamke anayetetemeka, akipewa ulizo hili, naye anaweza kumtoa mwanamke mwenzake afe.

Mwisho

Tumalizie na mambo ya kufanya, maana kijitabu kinachosomwa na walimu na wazazi kisiishie kwenye masikitiko.

Kwanza, muuguzi afike mbele ya mtu mwingine yeyote. Malaria ya kichwa, kifafa na sumu ya chakula ni magonjwa ya kweli, yapimwe. Pili, walioanguka watengwe na macho ya wengine, kila mmoja mahali patulivu, na mtu mzima mmoja anayejua kunyamaza. Kundi linalotazama ndilo linalozidisha. Tatu, maombi hatukatazi, sisi pia ni watu wa kanisa. Lakini yasifanywe kwa kelele mbele ya shule nzima, na wala pasta wala mwalimu asiulize jina la mtu. Nne, mtoto akitulia, aulizwe na mwanamke anayemwamini, peke yao wawili, na jibu lake lisipelekwe kwa walimu wote. Hatujui ni nani kati yao anayeogopwa.

Tano, sheria ijulikane. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inamwadhibu mtu anayemshitaki mtoto kuwa mlozi. Ni vizuri. Lakini mama mzee hana sheria yake ya namna hiyo, na kwa hiyo anabaki mikononi mwa chifu wa kijiji na ujasiri wake. Ile siku kwetu alipatikana chifu mwenye ujasiri. Si kila kijiji kina bahati hiyo.

Kati ya watu wote wa habari hii, wasichana walipona, mwalimu alihama na mshahara wake, sisi tuliendelea na kazi mpaka leo. Yule mama wa mandazi ndiye peke yake aliyepoteza kila kitu, tena kwa mara ya pili, maana vita ilikuwa imekwisha kumpokonya cha kwanza. Hakuna aliyekwenda kumwambia kwamba hakuwa na kosa. Hata sisi hatukwenda, na jina lake tulilijua.

Kama angali hai, na kama kuna mtoto wake anayesoma kijitabu hiki, tunaomba amwambie: mama, walimu waliokuwa pale ile siku wanajua kwamba hukufanya kitu. Walijua tangu zamani. Wanakuomba masamaha.